Jinsi ya Kutengeneza na Kuwasha Katodi ya Injini ya Ioni: Mwongozo Kamili wa Maabara

Malalamiko ya wanafunzi wanaojenga katodi, yaani sehemu inayotoa elektroni kwenye injini ya umeme ya chombo cha angani, kwa mara ya kwanza yanafanana mno. Hita inapasha, gesi ya zenoni inapita, volti zimepanda hadi mwisho wa pawa saplai, na katodi imenyamaza. Au iliwaka vizuri juzi, leo imekataa kabisa. Wengi wakifika hapo huagiza kiini kingine (kipande cha ndani kinachotoa elektroni), na kiini kipya nacho hufa vilevile.

Mara nyingi kiini hakina kosa. Tatizo liko nyuma yake: kwenye bomba la gesi lililobaki na unyevu, kiungo kilichokazwa nusunusu, au haraka ya kupandisha joto. Kwa hiyo hapa kazi ya njia ya gesi inatangulia, na katodi yenyewe inafuata. Ukiruka Hatua ya 2, hizo nyingine zote ni kujisumbua.

Katodi ninayoizungumzia ni ya bomba: bomba dogo la metali inayostahimili joto kali, ndani yake kiini kinachotoa elektroni kikipashwa, mbele yake bamba lenye tundu dogo, na gesi inayopita katikati. Nje kuna elektrodi ya pili inayolizunguka bomba; maabara wanaiita kipa, nami nitaiita hivyo. Injini ya ioni ya gridi (inayovuta ioni nje kwa mabamba yenye matundu na volti) kwa kawaida hutumia katodi mbili za namna hii. Moja iko ndani ya chemba na elektroni zake huzigonga atomi za gesi zikawa ioni. Ya pili iko nje na humwaga elektroni kwenye mkondo wa ioni unaotoka. Bila hiyo ya nje, chombo hubaki na chaji hasi na kuanza kuzivuta ioni zake zirudi, na msukumo unapotea.

## Chagua kiini kwanza

Kuna chaguo mbili zinazotumika kweli angani.

Ya kwanza ni tungsteni yenye vinyweleo iliyojazwa oksidi ya bariamu pamoja na ya kalisi na ya alumini. Kung'oa elektroni kwenye uso wake kunahitaji takriban elektroni-volti (eV) 2.06, wakati tungsteni tupu inadai eV 4.5. Hutoa ampea 10 kwa sentimita ya mraba ikiwa kwenye nyuzi 1,100 na kidogo za Selsiasi. Ndiyo iliyotumika kwenye injini za NSTAR za chombo cha Deep Space 1 kilichorushwa 1998, na za Dawn iliyorushwa 2007.

Ya pili ni lanthanamu heksaboridi, LaB6. Hii inahitaji takriban eV 2.67, hivyo ili itoe ampea zilezile 10 lazima uifikishe karibu nyuzi 1,640. Injini za Kisovieti za aina ya Hall (zinazosukuma ioni bila gridi) zimeruka nayo tangu miaka ya 1970.

Kwa hesabu ya joto peke yake bariamu inashinda. Lakini tazama upande wa sumu. Oksijeni yenye shinikizo la kiasi cha Torr 10⁻⁶ tu (Torr ni kipimo cha shinikizo) inatosha kukizima kabisa kiini cha bariamu kilicho kwenye nyuzi 1,100. LaB6 ikiwa kwenye nyuzi 1,570 huvumilia hadi Torr 10⁻⁴, yaani mara mia zaidi. Kiini cha bariamu pia hunywa unyevu wa hewani, kwa hiyo hata kukihifadhi ni kazi: kabati la naitrojeni kavu au ombwe, na kila kinapoguswa na hewa inabidi kiandaliwe upya.

Ushauri wangu hauna kona: kama hujawahi kuwasha katodi yoyote, anza na LaB6. Bariamu iache hadi maabara yako ithibitishe kwamba inajua usafi. Hatua zote zinazofuata ni za katodi ya LaB6 ya ampea 5, na pale bariamu inapotofautiana nitasema.

## Vifaa vya kuandaa

Kwa katodi yenyewe:

- Kiini cha LaB6 kilichoshindiliwa kwa joto, umbo la bomba: kipenyo cha ndani milimita 4, urefu milimita 10.
- Bomba la molibdeni-reniamu, au la grafiti.
- Shati jembamba la grafiti la kutenganisha kiini na bomba la metali.
- Bamba la tungsteni lenye tundu la kati ya milimita 0.5 na 1.
- Springi ya waya wa tungsteni.
- Hita ya tantalamu yenye kihami cha unga wa alumina.
- Karatasi ya tantalamu nyembamba kwa ajili ya ngao za joto.
- Kipa ya grafiti na vihami vya kauri ya alumina.

Kwa upande wa gesi: zenoni ya usafi wa 99.999% au zaidi, regyuleta ya gesi safi (si ile ya fundi wa kuchomelea), mabomba ya chuma cha pua yaliyong'arishwa ndani, viungo vyenye gasketi za metali, kidhibiti cha mtiririko kinachosoma sccm (sentimita za ujazo za gesi kwa dakika, katika hali sanifu), na vali ya pembeni inayounganisha bomba la gesi na pampu moja kwa moja. Vali hiyo ya pembeni watu huiona anasa. Si anasa, na nitaeleza.

Kwa upande wa umeme: pawa saplai ya hita ya wati 300, pawa saplai ya kipa yenye volti 600, nyingine ya volti ndogo ya kushikilia ampea 1 hadi 3, ya anodi (elektrodi chanya inayopokea elektroni) yenye volti 60 na ampea 10, daiodi za volti kubwa, osiloskopu ya kuonyesha myumbo wa volti.

Mengineyo: tangi la ombwe, themokapo (waya za kupimia joto) ya tungsteni-reniamu ya aina C (aina K itakufa mapema, haifiki huko), anodi ya shaba yenye kupozwa kwa maji, isopropanoli, na glavu za nitrili. Kigundua uvujaji cha heliamu kikipatikana ni heri, la sivyo kuna njia ya kuzunguka.

Tahadhari kabla ya kugusa chochote. Volti 600 za kipa zinaua, na kapasita hubaki na chaji baada ya kuzima: fupisha kwa ardhi kabla ya kufungua tangi. Zenoni ni nzito kuliko hewa mara nne na zaidi, na ikivuja kwenye chumba kilichofungwa hutanda chini na kusukuma oksijeni pembeni. Vumbi la viini vya bariamu ni sumu; likifutwa, lifutwe kwa kitambaa chenye maji na glavu mkononi.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya ukubwa

Eneo la ndani la kiini ni pai mara kipenyo mara urefu: 3.14 × 0.4 × 1.0, sawa na sentimita za mraba 1.26. Ukitaka ampea 5, kila sentimita ya mraba itoe ampea 4. Kwa LaB6 hilo linakuja kwenye takriban nyuzi 1,550.

Kwa nini hesabu hii? Kwa sababu inakuambia hita yako ifike wapi, nayo hita ndiyo inayoamua bei na muda wa mradi. Kiini kikiwa kifupi mno, joto linalohitajika litapanda na hita itaungua kabla ya kuwasha.

Kumbuka pia pampu. Mtiririko wa sccm 1 ni sawa na Torr-lita (shinikizo mara ujazo) 0.0127 kwa sekunde. Ukipitisha sccm 10 na unataka tangi libaki chini ya Torr 10⁻⁴, unahitaji pampu inayofyonza lita 1,270 za zenoni kwa sekunde. Soma hapo: za zenoni. Namba iliyoandikwa kwenye pampu kwa kawaida ni ya naitrojeni, na pampu ya tabo (ya mapanga yanayozunguka kwa kasi) hushuka kasi na kupata moto inapokutana na gesi nzito. Ukiwa na pampu ndogo, punguza mtiririko au tengeneza tundu dogo zaidi, lakini usidanganye geji.

Umefaulu hatua hii ukiwa na karatasi yenye namba nne: ampea, joto, mtiririko na shinikizo la tangi.

## Hatua ya 2: Safisha na upime njia ya gesi

Hapa ndipo katodi nyingi hufia, kabla hata ya kufungwa kwenye tangi.

Chukua mfano wa kiungo kinachovuja Torr-lita 10⁻⁴ kwa sekunde, uvujaji ambao povu la sabuni huenda lisiuonyeshe. Moja ya tano ya hewa hiyo ni oksijeni: 2.1 × 10⁻⁵. Mtiririko wako wa zenoni wa sccm 5 ni Torr-lita 0.063 kwa sekunde. Gawanya, unapata sehemu 330 za oksijeni kwa kila milioni. Shinikizo ndani ya katodi likiwa Torr 2, oksijeni inachukua Torr 6.6 × 10⁻⁴. Hata LaB6 yenye uvumilivu wake inashindwa hapo. Bariamu haina hata la kuomba. Na bado kwenye silinda yako imeandikwa 99.999%.

Uvujaji ukishushwa hadi Torr-lita 10⁻⁷ kwa sekunde, oksijeni inabaki Torr 7 × 10⁻⁷. Hiyo ndiyo shabaha.

Fanya hivi:

1. Safisha kila kipande cha bomba kwa isopropanoli kwenye beseni la ultrasoniki, kausha kwa naitrojeni kavu, na kuanzia hapo usiguse bila glavu.
2. Ondoa kila kipande cha plastiki au mpira kati ya regyuleta na katodi. Plastiki hupitisha mvuke wa maji kutoka hewani hata kama haina tundu.
3. Kaza viungo kwa gasketi mpya za metali. Gasketi iliyokwisha kubanwa hairudiwi.
4. Fungua vali ya pembeni, fyonza bomba lote hadi kwenye regyuleta, na lizungushie mkanda wa kupasha hadi kati ya nyuzi 100 na 150 kwa saa 12 au zaidi. Angalia kwanza joto ambalo kidhibiti cha mtiririko kinaruhusu. Vingi havivumilii kiasi hicho, basi viache nje ya mkanda.
5. Bomba likipoa, pima uvujaji.

Sababu ya vali ya pembeni sasa inaonekana. Bila hiyo, bomba zima lingepumulia kwenye tundu la katodi peke yake. Tundu la milimita 0.8 hupitisha hewa kiasi cha lita 0.06 tu kwa sekunde, na unyevu wote unaobanduka kwenye kuta ungepita katikati ya kiini chako.

Huna kigundua heliamu? Funga vali zote, acha bomba likiwa ombwe usiku kucha, na usome geji asubuhi. Kwa bomba la ujazo wa lita 0.2, uvujaji wa Torr-lita 10⁻⁷ kwa sekunde hupandisha shinikizo kwa Torr 0.02 ndani ya saa 12. Likipanda chini ya hapo, uko salama. Likipanda zaidi, huenda ni uvujaji, huenda ni kuta zinazotoa unyevu. Pasha tena, pima tena. Likipungua, ni unyevu. Lisipobadilika, tafuta kiungo.

Jambo moja linalosahaulika: regyuleta. Ukibadilisha silinda, hewa inabaki kati ya silinda na regyuleta. Jaza zenoni kidogo, fyonza, jaza tena, fyonza tena, mara kadhaa, kabla ya kuiruhusu gesi iende mbele. Zenoni ni ghali na hatua hii inauma mfukoni. Kiini kinauma zaidi.

## Hatua ya 3: Kusanya katodi

Vaa glavu. Ingiza shati la grafiti ndani ya bomba, kisha kiini ndani ya shati, kisha springi nyuma yake ili ikisukume kiini kiegemee upande wa tundu.

Shati la grafiti si pambo. LaB6 ikigusana na metali kama tungsteni au tantalamu kwenye joto kali, boroni huhamia kwenye metali hiyo. Metali hugeuka boridi, hukakamaa na kupasuka, na kiini nacho hulegea. Grafiti haina tabia hiyo, na hutanuka kwa joto karibu sawa na LaB6, hivyo haiibani ikapasuka. Reniamu nayo inakubalika. Kwenye bamba la tundu ambalo ni la tungsteni, weka pete nyembamba ya grafiti kati yake na kiini.

Springi ikae nyuma, sehemu yenye ubaridi. Ukiiweka karibu na kiini italegea kwa joto na kiini kitacheza.

LaB6 ni ngumu na hupasuka kirahisi. Ikihitaji kukatwa, hupitisha umeme, kwa hiyo inakatwa kwa cheche za umeme au kwa zana ya almasi. Usiikwangue kwa tupa.

Umefaulu: tikisa katodi karibu na sikio, isitoe sauti. Angalia tundu kwa kioo cha kukuzia, liwe duara safi lisilo na ukingo uliomeguka.

## Hatua ya 4: Hita na ngao

Zungusha hita kwenye bomba sehemu ya mbele, karibu na tundu, mizunguko ikigusana na bomba barabara. Kisha viringisha karatasi ya tantalamu juu yake, tabaka 8 hadi 15, kila tabaka likiwa na vidoti vilivyobonyezwa ili zisigusane uso kwa uso.

Sababu ni hesabu ya mng'ao. Kitu cheusi kilicho kwenye nyuzi 1,550 hupoteza takriban wati 63 kwa kila sentimita ya mraba. Metali tupu hupoteza pungufu, lakini sentimita chache zilizo wazi zinatosha kuimeza hita yote. Tabaka za ngao huurudisha mng'ao ndani. Wakati wowote mtu anaponiambia hita yake haifikishi joto, huuliza kwanza kuhusu ngao, kisha kuhusu mwisho wa nyuma wa bomba, ambako joto hukimbilia kwenye flanji kwa njia ya metali. Bomba lenye ukuta mwembamba huzuia hilo.

Kuhusu kihami: hita za katodi za bariamu huwa na unga wa magnesia, unaotosha kwa nyuzi 1,100. Kwa LaB6 magnesia huanza kula tantalamu, ndiyo maana nimesema alumina. Ukinunua hita iliyokwisha tengenezwa, uliza hili kabla ya kulipa.

Funga themokapo ya aina C kwenye bomba karibu na bamba la tundu. Pima ukinzani wa hita ikiwa baridi, uandike. Utauhitaji kila siku kujua kama hita inaanza kufa. Kisha pima kati ya hita na bomba, na kati ya kipa na bomba: umeme usipite, yaani ukinzani uwe mkubwa mno.

Kipa iwekwe milimita 1 hadi 2 mbele ya bamba, tundu lake likiwa kubwa kuliko la katodi na vituo vyao vikilingana. Ikikaa upande, ioni zitaila ubavu mmoja.

## Hatua ya 5: Ombwe na mpangilio wa umeme

Funga kwenye tangi, anodi ya shaba ikiwa sentimita chache mbele ya kipa. Fyonza hadi chini ya Torr 10⁻⁶ ukiweza. Usianze kupasha juu ya Torr 10⁻⁵.

Saplai mbili za kipa ziunganishwe sambamba kupitia daiodi, ili volti 600 zisirudi kwenye saplai ndogo. Ile ya volti kubwa iwekewe kikomo cha ampea au kizuizi cha ukinzani. Kazi yake ni kuwasha tu. Ikishawaka, saplai ndogo inachukua mzigo. Bila daiodi, saplai ndogo huungua mara ya kwanza kabisa, na moshi wake hautakuwa na siri.

## Hatua ya 6: Pasha kwa hatua

Hapa subira ndiyo kifaa. Mkaa mbichi ukiupulizia kwa nguvu unatoa moshi tu. Kiini chenye unyevu nacho ni hivyo hivyo.

Gesi bado imefungwa. Pandisha hita polepole hadi nyuzi 200 na ushikilie saa moja au mbili. Geji ya tangi itapanda, hayo ni maji yakiondoka. Ngoja ishuke irudi karibu na pale ilipoanzia. Panda hadi nyuzi 500, shikilia, ngoja. Kisha 900, shikilia, ngoja. Kutoka hapo nenda hadi 1,500 kwa mwendo usiozidi nyuzi 30 hivi kwa dakika.

Sheria ni moja: geji ikipita Torr 10⁻⁵, usiongeze joto. Saa ya ukutani haina amri hapa, geji ndiyo yenye amri.

Kiini cha bariamu hufuata wazo hilihili kwa namba nyingine: saa kadhaa kwenye joto la chini kufukuza maji na kaboni dioksidi, kisha takriban saa moja kwenye nyuzi 1,000 na zaidi ili bariamu huru itokeze kwenye uso. Taratibu hizi kali ziliivisha katodi ambazo NASA iliziandaa kwa ajili ya kudhibiti chaji ya Kituo cha Kimataifa cha Anga. Moja yao iliendeshwa maabara kwa zaidi ya saa 27,000.

Umefaulu: katodi iko nyuzi 1,450 hadi 1,550, tangi liko chini ya Torr 5 × 10⁻⁶, na wati za hita zimetulia, kwa kawaida kati ya 100 na 250 kutegemea ngao.

## Hatua ya 7: Washa

1. Fungua zenoni, sccm 10. Hiyo ni zaidi ya unayohitaji baadaye, lakini shinikizo kubwa ndani ya katodi hurahisisha kuwaka.
2. Ngoja dakika tano mtiririko utulie.
3. Washa saplai ya anodi, volti 60, kikomo ampea 5.
4. Washa saplai ndogo ya kipa, kikomo ampea 2.
5. Pandisha saplai kubwa ya kipa kutoka 0 kuelekea 600 taratibu.

Mahali fulani, mara nyingi kati ya volti 150 na 400, volti za kipa zitaanguka ghafla hadi chini ya 25 au hivyo, na ampea zitapanda. Kupitia dirishani utaona nuru kwenye tundu. Sekunde chache baadaye anodi itashika ampea 5.

Sasa punguza hita kwa dakika kadhaa hadi sifuri. Ioni zinazorudi kwenye kiini zitakipasha zenyewe. Katodi ikibaki inawaka hita ikiwa imezimwa, hapo umefika.

Isipowaka kwenye volti 600, rudisha volti hadi sifuri. Usiiache kipa ikiwa na volti kubwa kwa muda mrefu ukisubiri bahati. Cheche zinazoruka zitachafua kihami na kesho utakuwa na tatizo la pili. Ongeza joto kwa nyuzi 50, au mtiririko hadi sccm 15, jaribu tena.

## Hatua ya 8: Tafuta hali tulivu

Kuwaka hakutoshi. Katodi ya bomba ina hali mbili. Katika hali ya tundu, nuru imejikusanya kama nukta, volti zimetulia. Katika hali ya manyoya, nuru inafunguka kama shuke pana, volti za kipa zinayumba kwa nguvu, na ioni zenye nishati kubwa huzalishwa ambazo hula kipa na bamba.

Unganisha osiloskopu kwenye kipa. Kipimo kilichotumika sana kwa NSTAR ni volti 5 kutoka kilele hadi kilele: ukizidi hapo, umeingia kwenye manyoya. Ukiwa na ampea 5 thabiti, shusha mtiririko kwa sccm 0.5 kila mara, ngoja dakika kumi, andika volti na myumbo. Weka alama pale unapovuka 5. Kisha endesha katodi juu ya hapo kwa angalau sccm 1 ya akiba.

Watu huvutiwa kushusha mtiririko kwa sababu gesi ya katodi haichangii msukumo wowote wa maana, ni hasara kwa injini. Kweli, lakini kuna bei yake. Injini ya akiba ya Deep Space 1 ilipoendeshwa kwenye maabara ya NASA ya JPL kwa saa 30,352, bamba la kipa ya katodi yake ya ndani, lililokuwa la molibdeni, lililiwa lote hadi katodi ikabaki wazi. Injini ya NEXT iliyokuja baadaye ikapewa kipa ya grafiti, ambayo ioni huimega polepole zaidi, na jaribio lake likafika saa 51,184 lilipositishwa 2014.

## Hatua ya 9: Zima bila kuua

Zima anodi, kisha kipa, acha zenoni ikipita. Gesi safi inayotoka huzuia uchafu wa tangi kuingia. Katodi ikishuka chini ya nyuzi 200, funga gesi. Usifungue tangi kabla haijafika karibu na joto la chumba, na unapofungua, jaza naitrojeni kavu badala ya hewa ya chumbani. Ukiwa mji wa pwani, Dar au Mombasa, unyevu wa chumba peke yake unatosha kukurudisha mwanzo wa Hatua ya 6.

## Ikigoma: mahali pa kuangalia

Iliwaka jana, leo haiwaki. Usiongeze joto kwanza. Pima uvujaji upya. Kisha shikilia katodi kwenye nyuzi 1,600 kwa saa moja katika ombwe bila gesi. LaB6 iliyoathiriwa na oksijeni mara nyingi hurudi, kwa sababu uso wake wa juu huvukizwa na kubaki mpya. Kiini cha bariamu hakina msamaha wa namna hiyo kila mara.

Inawaka, inazima hita ikizimwa. Ampea ni chache kwa ukubwa wa kiini, au ngao ni haba. Panda ampea 7, uone.

Volti zinapanda siku hadi siku kwa mtiririko uleule. Kiini kinachafuka au tundu linapanuka. Fungua, pima tundu kwa hadubini.

Ukinzani wa hita umepanda ghafla. Hita inakaribia kukatika. Ibadilishe sasa ukiwa na nafasi.

## Lini useme umeiboresha

Katodi mbili zilinganishwe kwenye tangi moja, gesi moja, anodi ileile mahali palepale, na kitu kimoja tu kikiwa kimebadilika. Pima mambo manne: wati za hita hadi kuwaka, muda wa kuwaka, mtiririko wa chini kabisa kabla ya manyoya, na uzito wa kipa kabla na baada ya saa angalau mia kadhaa. Kipimo cha nne ndicho kigumu na ndicho watu hukiruka, kwa kuwa kinachukua wiki. Katodi inayowaka kwa wati pungufu lakini inaila kipa yake mara mbili kwa kasi haijaboreshwa. Pima kipa kwa mizani inayosoma sehemu ya miligramu, ikiwa kavu na imepoa, na uandike saa halisi za kuwaka pembeni ya kila namba.